Shemasi Mtarajiwa Amehamia Kwenye Kochi

Mpendwa Mama Leokadia,

Nisaidie kabla sijapasuka, maana kwa paroko siwezi kwenda, yeye mwenyewe anawaogopa hawa watu wa kundi letu la sala, na kwa mama yangu ndiyo kabisa, atafurahi, hakumpenda mume wangu tangu siku ya kwanza. Mume wangu, nimwite Zenon, ni mwalimu wa udereva hapa Tarnów, Polandi, mtu mpole, tumeoana miaka kumi na tisa, na baada ya Pasaka askofu atampa daraja ya ushemasi wa kudumu, ule wa watu wenye wake zao, na mimi ndiye niliyemwambia nenda baba, una moyo wa kuhudumu, hata dalmatika, lile vazi lake la altareni, nimelishona mwenyewe, nikatarizi nyuzi za dhahabu hadi macho yakaniuma. Sasa sisi tunasali Misa ya Kilatini, ile ya zamani, na kwenye kundi letu, Mama, watu hawapumui bila kubishana. Mwaka juzi tuligawanyika kwa sababu ya lesi ya alba, ile kanzu nyeupe ya Misa, iishie gotini au ishuke chini, mpaka leo familia mbili hazimegeani mkate mwembamba wa mkesha wa Krismasi, halafu ikaja vita ya Kwaresima, kama shemasi avae dalmatika au kasula, lile joho la padre, iliyokunjwa mbele kama walivyovaa mababu. Hayo niliyavumilia. Lakini Misa Kuu inahitaji shemasi, na shemasi wa kupatikana ni Zenon, na Zenon ana mimi.

Basi Jumapili moja wanaume wa kundi wakaja kwangu baada ya Misa, wakakaa sebuleni wakila keki yangu ya jibini, wakaanza kujadili kitanda changu. Kweli tena, kitanda changu! Kinara wao ni Bwana Hieronim, fundi wa miwani, akapangusa makombo kwenye ndevu akasema, "Shemasi mwenye mke ni uzushi wa juzi, lakini tutamvumilia, mradi alale peke yake. Mikono inayogusa kikombe haiwezi kugusa..." akanitazama, akamalizia, "...mambo mengine." Nikamuuliza, "Na wewe, wale watoto wako tisa uliwaokota wapi?" Akajibu bila haya, "Mimi ni mlei, dada yangu, altareni sihudumu. Na si tisa, wa kumi yuko njiani." Mmoja akataja mtaguso wa maaskofu, mwingine akataja papa, wa tatu akataka kujua kama vyumba viwili vinatosha au lazima nyumba mbili, na Zenon wangu, Mama, Zenon alikuwa anaitikia kwa kichwa!

Tangu siku hiyo analala kwenye kochi la sebuleni, lile la kukunjua ambalo vyuma vyake vinachoma mbavu, asubuhi anatembea amepinda, na binti yetu Kinga anamwambia, "Baba, hata daraja hujapata, ushakunjwa kama kasula." Nilicheka, sikatai. Lakini juzi nilimpelekea ile dalmatika aijaribu, nikamnyooshea, akarudi nyuma akasema, "Iweke mezani, mpenzi, nitaichukua mwenyewe." Mama Leokadia, iweke mezani! Mikono ileile iliyoishona! Nilikwenda jikoni nikalia juu ya maganda ya viazi. Kwani mimi ni najisi? Na mwezi ujao natakiwa niandike kwa mkono wangu kwamba naridhia mume wangu awe shemasi, bila hivyo hapewi daraja. Nikikataa, nimemnyima alichokiombea miaka yote. Nikikubali, nimejiandikia ujane na mume yu hai. Nifanyeje?

Mwenye Nusu Kitanda

*

Mwenye Nusu Kitanda,

Kwa hayo maganda ya viazi, pole sana mwanangu. Kwa hiyo keki ya jibini, sina pole. Watu wanajadili kitanda chako nawe unawakatia kipande cha pili? Kuanzia sasa, anayetaka mjadala aje na keki yake.

Huyo Hieronim hanishangazi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na asije akaniita mtu wa Misa za kisasa za magitaa, mimi nimesali kwa Kilatini kabla yeye hajazaliwa, naupenda ubani wake na ukimya wake. Lakini sijawahi kusikia kwamba Mungu anapima lesi. Na Petro, yule wanayemchonga na funguo zake kila kanisa, alikuwa na mama mkwe, na mama mkwe hadondoki kutoka mbinguni.

Swali la shemasi alale wapi lina wa kulijibu, naye ni askofu. Zenon amemuuliza? Hajamuuliza, ng'o! Anaogopa ataambiwa arudi chumbani, halafu wenzake wamwone mwepesi. Mumeo hajashikwa na utakatifu, ameshikwa na haya. Anafundisha watu kutazama kioo cha nyuma, yeye mwenyewe anamtazama Hieronim tu.

Na wewe usijione malaika. Barua yako nimeisoma mara mbili, sikuona popote ulipomwambia Zenon kwamba amekuumiza. Umenieleza mimi, mtu usiyemjua, yeye umemwachia kochi na utani wa Kinga. Mwambie leo, tena neno hilohilo uliloniandikia, najisi. Alisikie kwa sauti yako.

Kisha mwalike mama yake Zenon aje akae nanyi hadi Pasaka, na umpe lile kochi, mtandikie godoro nene juu ya vyuma. Sijaona bado Mpolandi wa kumhamisha mamake kitandani. Zenon atabakiwa na chumba chenu au beseni la kuogea, na kwenye beseni tunamlaza yule samaki hai anayengoja kupikwa Krismasi tu. Mkishalala pamoja, nendeni kwa askofu wote wawili, muulizeni waziwazi, msikie kwa masikio yenu.

Ridhaa ni yako, si ya sebule nzima. Kwa hiyo siku ya kuiandika, usianze na kalamu. Mwite Zenon, mnyooshee dalmatika kama siku ile. Akiipokea mkononi mwako, andika, tena kwa mwandiko mzuri. Akikwambia uiweke mezani, iweke, na kalamu uiweke papo hapo.

Mama Leokadia