Kompyuta ya Mama Yako Imeongea

Celestine,

Kompyuta ya mama yako imeongea asubuhi hii, na haikuwa kwenye stima. Waya bado uko juu ya kabati. Angalia mwenyewe.

Maharagwe yako kwa sufuria ndogo. Oga na maji ya ile kubwa, ni moto. Bodi ya kompyuta iliyo mezani usiiguse. ~~Itupe.~~ Usiitupe.

Jana nilitoa kapasita zilizovuja, vile vikopo vidogo vya kuweka stima, nikasugua ile kutu ya kijani na siki na mswaki, nikalehemu mpya. Leo nikifunga viatu niende Salgaa kutengeneza redio ya lori, nikasikia: "Celestine, amka, maji yamechemka." Ni ile sauti mama yako aliyorekodi ukiwa darasa la nne, ya kukuamsha uende shule.

Nikajibu, "Mwache alale kidogo, Truphosa." Ndipo nikakumbuka tulimzika.

Nikaenda jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa inatoa mvuke, na mimi sikuwa nimewasha gesi.

Nikaogopa. Unajua huwa natoa kwa balbu chaji iliyobaki kwenye kapasita kabla ya kugusa bodi, na wewe hunicheka, ati mzee anaogopa stima ya kukopa. Leo nilishika bisibisi nikadunga bodi tu, inyamaze. Cheche iliruka mpaka kwenye diski yenye sauti yake. Sasa haiongei. Najua ni wewe uliyeniomba niitengeneze umsikie.

Imekula kapasita moja, ukucha wangu wa kidole gumba, na sauti ya mama yako. Hatukuwa na rekodi nyingine.

Baba