Yale Masanduku ya Maoni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nauliza kwanza kifua chako, maana ulisema kinakubana asubuhi. Kama bado kinakubana, achana na vumbi la kufagia, mwachie shemeji afagie, hatavunjika mkono. Mpwa wangu naye hajambo? Mimi huku mzima kabisa. Nakula, nalala, na lile jino lililonisumbua limeng'olewa, sasa natafuna upande wowote nitakao.

Najua umesikia. Binamu alipopita hapa aliniambia amekwambia kazi ya masanduku imefutwa, na wewe umekasirika, unasema watu wa ile ofisi ya mradi wamemwonea mdogo wako kwa sababu ni mpole. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nataka usikie kwangu, toka mwanzo, maana hata binamu hajui yote.

Ile ofisi inashughulika na mambo ya wananchi na viongozi wao, yaani ofisa wa mtaa awasikie watu, na watu wajue pa kuulizia. Mwaka jana wakataka masanduku ya maoni, moja nje ya kila ofisi ya mtaa, mwenye shida aiandike aitumbukize. Mzee Randa mwenye karakana akanipa mimi kazi ile. Dada, niliyatengeneza kweli. Mbao kavu, pembe nikazichonga meno zikaumana zenyewe bila msumari, vanishi juu ya vanishi. Wakayaweka kwenye mitaa michache kwanza, kujaribu, wakasema yakifaa wataweka mji mzima. Mzee Randa akaniahidi kwamba kazi ya mji mzima ikija, ataniingiza ubia, na mpwa wangu aje ajifunze ufundi kwetu. Hayo unayajua, ulishamnunulia mtoto hata buti.

Sasa kabla ya kuagiza, ofisi ikatuma watafiti. Mkubwa wao ni dada mmoja kijana, sisi karakana tulimwita Miwani, ila si mbele yake. Wakazunguka nyumba kwa nyumba, kwenye mitaa yenye sanduku na isiyo na sanduku, wakiuliza watu shida gani walipeleka kwa ofisa na iliishia wapi. Masanduku nayo wakayafungua. Moja lilikuwa na nyigu. Jingine lilikuwa na maganda ya peremende na barua ya mapenzi isiyo na jina, na ofisa wa mtaa ule akadhani ni yake, akaanza kuchana nywele. Kuna moja halikuwahi kufunguliwa tangu liwekwe. Ofisi ilitaka kila sanduku liwe na makufuli mawili, ili mtu mmoja asifungue peke yake, ufunguo mmoja kwa ofisa na mwingine kwa mwenyekiti wa kamati. Na wale wawili hawasemeshani.

Utafiti ulipokwisha, ukaitwa mkutano wa kuusikiliza. Walikuja maofisa wa mitaa, watu wa kamati, na watu wa ofisi nyingine zenye kazi kama hiyo. Mkurugenzi wa mradi, mama mmoja wa sauti ya taratibu, akaniita na mimi nije na sanduku jipya la mfano. Nikaliweka mezani mbele, nikarudi kukaa karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mfupi, chini ya feni inayolia.

Miwani akaonyesha michoro ukutani. Michoro sikuielewa, lakini alipoeleza kwa mdomo nilielewa. Alisema mitaa yenye sanduku na isiyo na sanduku, shida za watu zimetatuliwa sawasawa. Sanduku halikuongeza kitu. Lakini kuna mitaa ofisa mwenyewe alianza kutoa benchi nje asubuhi moja kila wiki, anakaa na watu, kila mtu anauliza wengine wakisikia, na alichoahidi kinaandikwa kwenye ubao ukutani. Huko shida nyingi zaidi zimetatuliwa. Halafu akasema mitaa hiyo ni michache, hawezi kuapa kwamba ni benchi, huenda wale maofisa ni wachapakazi tu. Kwa hiyo benchi nalo lijaribiwe kwingine, lipimwe, kabla mtu hajalishangilia. Nilimpenda kwa hilo. Hakuwa anavutia kwake.

Waliokuja kusikiliza hawakufurahi. Bwana mmoja wa ofisi nyingine akasema habari kama hii ingekaa kabatini kwanza, maana waliotoa msaada walishapiga picha na masanduku. Ofisa mmoja akasema tatizo ni watu hawajaelimishwa, wapewe semina ya kutumia sanduku. Mtu wa nyuma akauliza kama kwenye semina watafundishwa kukunja karatasi au kuitumbukiza tu, chumba kizima kikacheka. Lakini Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayekubali ile ya semina. Na mimi, dada, moyo ulifurahi, maana semina ingekuja na masanduku ya mji mzima. Nilishaiona karakana, nikamwona na mpwa wangu anapiga msasa.

Hapa ndipo pale binamu asipopajua. Mkurugenzi akanigeukia, akasema fundi wetu anakaa mtaa wenye sanduku, hebu atuambie watu wanavyolipenda. Vichwa vyote vikageuka. Unanijua, siku ya harusi yako nilishinda jikoni nisisalimiwe na wageni. Nikasimama. Nilitaka kusema wanalipenda sana, nikae. Yakatoka mengine. Nikasema wanalipenda kwa macho. Nikasema mtaro mbele ya nyumba ninayopanga umeziba tangu mvua zilizopita, maji machafu yanaingia chumbani kwa jirani mwenye mtoto mchanga, na mimi asubuhi na jioni napita mbele ya sanduku nililolitengeneza kwa mikono yangu, na sijawahi kutia humo hata kipande cha karatasi. Mkurugenzi akaniuliza kwa upole ni kwa nini. Nikasema mwandiko wangu nauonea haya, lakini hata ningeandika kama karani nisingetia, kwa sababu karatasi ikishaingia mle hujui imesomwa na nani, na hakuna wa kumuuliza imefikia wapi. Nikakaa.

Miwani akanishukuru, ila akawaambia watu neno la mtu mmoja halithibitishi kitu, kesho anaweza kuja fundi mwingine akasema kinyume. Linasaidia tu kuelewa kwa nini hesabu za mitaa yote zimetoka vile. Sikukasirika, ni kweli. Mkurugenzi akaweka mkono juu ya sanduku langu, akalipapasa. Kisha akasema kazi ya masanduku isimame, mabenchi yajaribiwe. Na utafiti wapewe wote, waliokuja na wasiokuja, mwingine asije akaagiza masanduku kama alivyoagiza yeye.

Basi dada, hakuna aliyenionea. Mdomo wangu mwenyewe umo katika kuifuta kazi ile, na wakati nasema nilijua ninachopoteza, changu na cha mtoto wako. Ukitaka kugombeza, nigombeze mimi. Lakini sijutii, nilirudi na lile sanduku kichwani nikiliona jepesi.

Mtaa wetu ni mmojawapo wa kujaribiwa benchi. Siku ya kwanza jirani yule aliuliza habari za mtaro, na mimi nikaongezea, kwa sauti ndogo lakini nikasikika. Nusu umeshachimbwa. Nusu nyingine iko ubaoni, na kila anayepita anamuuliza ofisa, mpaka ofisa mwenyewe siku hizi anaingilia mlango wa nyuma.

Kumwambia Mzee Randa ndiko kulikokuwa kugumu. Aliendelea kulainisha ubao bila kuniangalia. Baadaye akauliza kama nilisema hayo mbele ya maofisa, mimi huyu huyu. Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Kuhusu ubia hakunidanganya, alisema kazi ya mji mzima haikuja, kwa hiyo ubia hakuna. Lakini akasema fundi anayeweza kusimama mbele za watu akasema kazi yake mwenyewe haihitajiki, huyo mteja akiambiwa naye mbao hizi ni kavu ataamini. Kwa hiyo amenitoa nyuma, ameniweka mbele nipokee wateja. Nateseka, dada. Naongea nao huku naangalia viatu vyao. Na kwa kuwa meza yangu ya nyuma imebaki wazi, ananiuliza kila asubuhi mpwa wangu atakuja lini.

Mwambie shemeji nampa shikamoo na ufagio. Majirani zako wote wasalimu, na mtoto mwambie aje na nguo za kuchafua. Nijibu upesi nijue kifua kinaendeleaje.

Ni mimi mdogo wako,
mziwanda wenu, fundi.