Binti Yangu Anamtaka Mama Yake Akiwa na Suti

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi, naomba unisaidie maana nyumbani kwangu Area D kuna picha mbili za marehemu mke wangu Restuta na nafasi ukutani ni moja.

Restuta alifariki mwaka jana, na baada ya msiba chama chetu cha wakulima wa zabibu kilinituma Ujerumani na mwenzangu Matonya kuangalia mashine za kukamua, na kila tulipomaliza kazi mapema wenyeji walitupeleka kwenye majumba ya makumbusho ya sanaa, nami nilidhani nitaona picha za wafalme tu, kumbe kulikuwa na mama mmoja anamenya viazi, mkono wa gauni umechanika, kisigino kimetoka kwenye kiatu, naye amewekewa fremu ya dhahabu na mlinzi kabisa, na aliyemchora ameitazama ile mikono kwa upole mpaka unahisi ubaridi wa maji ya beseni. Matonya akasema, "Baba Loisi, huyu alikosa hela ya studio?" Nikacheka huku machozi yananitoka, na kesho yake nikarudi peke yangu, maana ndivyo ninavyomkumbuka Restuta, akipepeta karanga, kanga kiunoni, midomo ameikunja kama anayetaka kupiga mluzi, na sina picha yake hata moja ya namna hiyo.

Niliporudi nikampata fundi wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, anayechora mabango ya saluni, nikamweleza, akamchora, na kwa kweli mikono aliipata. Lakini binti yangu Loisi, kwa ajili ya misa ya kumbukumbu, alikuwa ameshatengenezesha picha studio, wamekata kichwa cha kwenye kitambulisho wakakiweka juu ya suti ya bluu, uso wameung'arisha, nyuma mawingu, na Restuta hakuwahi kuvaa suti. Alipoiona ya kwangu akasema, "Baba, mama yuko peku! Unataka watu wa jumuiya waseme tulimtesa?" Ameapa nikiitundika hatakuja kwenye misa, na huyu ndiye aliyemuuguza mama yake, akimwogesha alivyokonda, mpaka mwisho. Niifiche stoo, au nishikilie msimamo wangu?

Baba Loisi, Dodoma

JIBU

Baba Loisi, marahaba, na pole sana. Umenifanya nitamani kumwona huyo mama wa viazi, na fundi wako wa mabango mpe hongera zangu. Wengi wetu tunafiwa tukabaki na sura ya kitambulisho tu. Wewe umeiokoa mikono.

Lakini umekosea, tena na utu uzima wako. Umewachorea watu mama yao bila kumwambia yeyote, sasa unashangaa wameshtuka? Yule mama wa Ujerumani ulimrudia mara ya pili umtazame vizuri; binti yako umemtazama? Loisi ndiye aliyemwogesha Restuta alipokonda. Wewe kwenye ile suti unaona uongo. Yeye anaona mama aliyenenepa tena, aliyepona. Usimnyang'anye.

Picha ya studio iende kanisani, wala usiikunjie uso. Ya kwako isiende stoo. Mtu hafichi mke wake. Iweke chumbani kwako kwanza. Kabla ya misa mwite Loisi peke yake, bila mashangazi, mkae mbele ya hiyo picha. Mwambie fundi anaweza kurekebisha, na umwombe akuonyeshe mama yake amekosa nini pale. Akisema viatu, viongezwe viatu. Akisema jambo ambalo wewe hukulijua, shukuru. Na akianza kusimulia, usimkatize kwa habari za Ujerumani.