Nilichomwambia Simba

Jumatatu, 6 Oktoba
Dawa ya presha. Uji. Basi hadi Kingsbury kununua bamia na muhogo. Narudi tu, simu: Achieng', yule binti wa Kikenya anayeonyesha sinema za zamani kwenye ukumbi wa hapa Kilburn, London. Filamu yangu ya tatu, niliyoigiza nikiwa mtoto, imepatikana! Itaonyeshwa Jumamosi ya wiki ijayo, mgeni rasmi mimi. Nimejitazama kwenye kioo mara mbili.

Ya kwanza nilibeba tumbili. Ya pili nilibebwa na tembo. Ya tatu nilimwamuru simba aketi. Kisha nikaota ndevu, kazi ikaisha.

Jumatano, 8 Oktoba
Sina raha. Mke wangu Zainabu amealika nusu ya Waswahili wa London. Watasikia. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yanasema, "Mfalme wa pori, nitii." Mzungu mwongozaji hakujua Kiswahili, aliniambia niseme lolote. Nilichosema ni: "Mama, nimejikojolea. Niletee suruali."

Wajukuu nimewaambia miaka yote kwamba nilimkemea yule simba. Mwongo mkubwa mimi. Nimemwomba Achieng' azime sauti pale, aweke ngoma. Amekubali kwa shingo upande.

Ijumaa, 10 Oktoba
Achieng' amenitumia kipande chenyewe. "Mzee, skiza kwanza, halafu uniambie kama bado unataka nikate."

Nasema langu. Simba anapiga miayo. Halafu, nyuma ya kamera, mwanamke: "Nakuja, mwanangu. Usitikisike."

Mama. Alikuwa akifua nguo za waigizaji. Alifariki mwaka niliopanda ndege kuja huku. Picha yake ninayo moja. Sauti sikuwa nayo popote.

Nimelia jikoni. Nimemwandikia Achieng': usikate hata pumzi.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimemwambia Zainabu yote. Kacheka mpaka kashika mbavu. Sasa ananiita Simba. Sawa tu. Jumamosi bado naiogopa.

Jumamosi, 18 Oktoba
Ukumbi ulijaa. Maandishi mapya ya Kiingereza niliyaandika mwenyewe, neno kwa neno, suruali na yote. Watu wakaangua kicheko, wajukuu wangu zaidi. Nikacheka nao. Kisha mama akaongea.

Zainabu nilimwoa huku, hakuwahi kuonana na mkwe wake. Kwenye basi la kurudi nyumbani akanigeukia.

"Kumbe alikuwa na sauti nzito," akasema.

Ndiyo, nikamwambia. Hata mimi nilikuwa nimesahau.