Mvua ya Baba Mkwe

Shoga, mbona hupokei simu! Basi soma. Moto wa kichakani umefika hadi ukutani kwetu. Tuko salama. Ila nanuka, shoga. NANUKA.

Unayakumbuka yale mabomba ya kunyunyizia maji mume wangu aliyofunga kuzunguka paa? Alivyotamba mtaa mzima, "Moto ukija, kimbilieni kwangu"? Basi wamekuja. Wote! Jirani yetu Mama Marashi kajibanza ukutani na gauni lake jeupe, cheche zinaruka, kila mtu roho mkononi.

Mume wangu akawasha pampu kwa madaha. Kimya. Halafu mabomba yote yakaanza kurusha mavi ya ng'ombe. Shoga, MAVI.

Kumbe baba mkwe aliona tangi limejaa maji, limekaa tu bure, akaligeuza la kuchanganyia mbolea ya bustani yake! Namuuliza, "Baba, umetia samadi kwenye maji ya kuzimia moto?" Ananijibu kwa utulivu kabisa, "Nimeichuja vizuri, mwanangu. Haitaziba."

HAITAZIBA!

Na kweli haikuziba. Mama Marashi akafungua mdomo apige kelele. Alikosea sana kufungua mdomo.

Zimamoto wamekuja, mkubwa wao kaziba pua, anasema cheche zote zilizotua kwetu zimezimika. Nyumba iko nzima!

Sasa tumekaa barabarani. Moto umeshindwa kuingia ndani, na sisi tumeshindwa. Baba mkwe peke yake ndiye kaingia. Kafungua dirisha, anauliza tunakula saa ngapi.