Mzee Kimya ni Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si Kaka, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja.

Yule mtu anayepiga simu redioni saa kumi jioni halafu hasemi kitu — ni mimi.

Nimeandika! 

Ni redio ya vijana, kipindi cha baada ya shule. Mtangazaji anaitwa Mama Mawimbi. Nikipiga, koo linafunga. Darasani ni hivyo hivyo. Nimesomeshwa lugha mbili na kwa zote mbili nanyamaza vizuri. Mwingine angekata simu. Yeye hakati. Anasema: "Mpendwa, najua upo. Jipange. Mimi nakoroga chai yangu." Na kweli unasikia kijiko kwenye kikombe, kli kli kli, hewani kabisa! Mwezi uliopita nilitoa neno moja. "Nipo." Akasema basi, leo umefanya kazi kubwa kuliko mimi. Nililia humo humo kabatini. (Napigia ndani ya kabati, katikati ya nguo, Mama asisikie.)

Jumatano, 5 Machi

Wamemtoa Mama Mawimbi!

Mtu alianika mtandaoni picha ya keki yake ya kuzaliwa: miaka hamsini na mitatu. Watu wakacheka, kumbe ni bibi! Meneja kasema redio ya vijana itangazwe na vijana.

Na kiti chake kapewa nani? Kaka yangu. Wa tumbo moja! Juzi tu alikuwa anabeba nyaya pale studio, leo ni "Kiberiti", ndilo jina lake la hewani. Yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mama kapiga vigelegele mpaka jirani kaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Baadaye nilijikaza nikamuuliza, kwani Mama Mawimbi alikosea nini? Akasema hakukosea, amezeeka tu. "We ungetaka Bibi akuchagulie nyimbo?"

 Jibu limekuja sasa, nikiwa peke yangu, kama kawaida yake: hakuwa ananichagulia nyimbo. Alikuwa ananisubiri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Kaka. Mazoea tu. Au nilitaka kujua.

Ana mashine ya vitufe: kicheko, king'ora, jogoo. "Haloo, uko na Kiberiti!" Koo likafunga. Hakusubiri hata kupepesa jicho — kicheko! Ha ha ha ya watu ambao hata hawapo. "Wasikilizaji, huyu ni Mzee Kimya, yatima wa Mama Mawimbi! Mzee, meno umeyasahau kwenye glasi?" King'ora. Kakata.

Halafu kaja kuyasimulia mezani. Mama kacheka mpaka kapaliwa. Na mimi nimecheka. Ndiyo, nimecheka! Anachekesha, siwezi kuidanganya karatasi. Darasani pia wanampenda.

Lakini Mzee?! Mzee ana miaka kumi na sita na mtihani wa hesabu Jumatatu!

Jumanne, 11 Machi

Leo kwenye kipindi cha Kaka msichana mmoja alipiga, alikuwa anaeleza jinsi baba yake alivyohama nyumbani. Akanyamaza kidogo kuvuta pumzi — jogoo!

Nimegundua kitu. Kaka anaogopa kimya kuliko mimi ninavyoogopa kusema. Asubuhi nilimsikia bafuni akifanya mazoezi mbele ya kioo, anaongea bila kituo, mpaka sauti ikakwama. Mama kaniambia: meneja kamwonya, ukimya ukizidi hewani kiti anapewa mwingine. Yuko kijana wa miaka kumi na tisa anasubiri nje. Kaka ana ishirini na miwili. Tayari ni mzee!

Nilitaka nisimhurumie. Nimemhurumia. Lakini sikubali.

Jumatano, 12 Machi

Keshokutwa kuna mjadala: Je, umri wa mtangazaji ni kitu? Simu ziko wazi kwa wote.

Sipigi. Nikisema ataijua sauti yangu. Akibabaika hewani, kiti kimekwenda, na ni mimi niliyekisukuma.

Sipigi.

Napiga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepiga!!!

Niliingia kabatini na simu na kikombe. Kijana mmoja alitangulia, akasema mtangazaji mzee ni kama mzazi kwenye disko. Kicheko. Halafu mimi. "Haloo, uko na Kiberiti!" Koo. Kicheko. "Jamani, Mzee Kimya kafufuka!" Kicheko tena. Sikukata. Nilitia kijiko kwenye kikombe kitupu nikakoroga. Kli kli kli.

Akasita.

Nikasema — mimi! kwa sauti yangu! — "Mimi si mzee. Nina kumi na sita. Mmesema mmemtoa kwa ajili yetu. Nani alituuliza? Miaka yake sikuwahi kuihesabu. Nataka mtu anayeweza kusubiri nimalize. Hata ukiwa wewe. Lakini wewe hujanisubiri hata siku moja."

Kimya. Hakubonyeza kitu. Nilimsikia anapumua. Halafu akasema lile jina la utotoni, analoniita yeye tu, polepole. Hewani! Kisha wimbo, umeanzia katikati, bila utangulizi.

Mama alikuwa jikoni na redio. Kanifungulia kabati, mwiko mkononi. "Umemmwagia kaka yako unga!" Nikasema alikuwa ananicheka mimi, Mama. Na wewe ulicheka. Akaniangalia pale katikati ya magauni yake. Akarudi jikoni. Redio kaizima.

Sijutii. Naogopa, na sijutii. Vyote viwili vinaenea humu kifuani.

Geti. Viatu vyake. Mama anamuuliza kitu, yeye anapita. Anakuja huku. Nimeshainua kona ya godoro, daftari lirudi mahali pake —

Hapana. Leo silifichi.

Kaka hajawahi kubisha hodi kwenye mlango huu wa chumba changu, tangu nizaliwe. Anaingiaga tu kama upepo.

Anabisha.

Koo limefunga. Kitasa hakizunguki. Haniiti, hatanii. Viatu vyake naviona chini ya mlango. Havijaondoka. Bado havijaondoka. Ananisubiri.