Mume Mwenzangu wa Uholanzi

Mtinko, 3 Machi 2025

Mke wangu Editha,

Salamu nyingi, nyingi kuliko alizeti za mwaka huu. Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limehamia upinzani.

Ujue kwamba kompyuta nimeimaliza. Juzi nimeingia sekondari, nikaiwasha, nikaiamrisha, ikatii, walimu wakapiga makofi.

Haya, uongo. Nilimpelekea Mwalimu Peniel kuku, nikagusa kile kipanya chake kwa kidole kimoja, akasema, "Mzee, usijisumbue, zote zimelala tangu Januari."

Ule ukurasa wa kazi yako uliompa kondakta umefika. Nimelitafuta jina lako, nimelikuta mara tatu. Jina la huyu Gerald nimelikuta mara kumi na moja, na anwani yake juu. Gerald ndiye nani? Mwaka jana barua yako ilikuja kila mwezi. Mwaka huu hii ndiyo ya kwanza, nayo ina mwanaume ndani.

Babu na mumeo wa haki,
Antipasi

Dodoma, 16 Machi 2025

Babu, shikamoo.

Mimi mzima, kazi tu. Pole na goti. Mama anasema unakataa kulichua.

Mume wangu mzee, punguza wivu. Unakumbuka mashine ya kukamua alizeti mliyoitoa Ikungi? Mashine ni ileile, lakini hapo Mtinko injini ilikuwa nyingine, mkanda haukutosha, msingi ukamwagwa upya, wiki tatu hamjaona tone la mafuta. Kazi yangu ndiyo hiyo. Lugha wanayojifunza wanafunzi kuandikia programu ilijengewa mfumo wa kununua. Mimi naihamishia kwenye mfumo wa bure, usio na mwenyewe, ambao hata kompyuta chakavu za Mwalimu Peniel zinaweza kuubeba. Kila nati ninayoigusa haikai.

Gerald yuko Uholanzi, hatujaonana hata siku moja. Yeye ndiye yuko mlangoni: nikipeleka kazi anaisoma, akiona kosa anairudisha. Amenirudishia mara arobaini. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Aprili. Isipoingia, inasubiri mwaka mzima, na hao watoto wa Mtinko nao wanasubiri. Nimeifanya miezi saba, babu. Nivumilie hadi Mei.

Mjukuu wako,
Editha

Mtinko, 2 Aprili 2025

Mke wangu,

Hujambo? Hapa mvua imekuja, imechungulia, imeondoka.

Mara arobaini! Bibi yako Flora, Mungu amlaze pema, alinikataa mara tatu tu, ya nne nikaoa. Mwanaume anayekurudishia kazi mara arobaini hatafuti makosa, anatafuta maongezi.

Kwa hiyo nimemwandikia. Aneth wa steshenari amechapa maneno kama yanavyonitoka mdomoni, akicheka hadi tukarudia mara mbili, akayatuma kwa ile anwani ya kwenye ukurasa wako. Nimesema hivi:

"Gerald. Mimi Antipasi ndiye mume wa Editha tangu siku aliyozaliwa. Nilikabidhiwa hana meno, sasa mimi ndiye sina. Umezidi kumwandikia. Acha, au leta ng'ombe kumi na wawili tuongee. Fimbo ninayo."

Hajajibu. Nadhani ameogopa.

Babu,
Antipasi

Dodoma, 22 Aprili 2025

Babu, shikamoo.

Leo sikuulizi hali.

Gerald hakukuogopa wewe. Ameniogopea mimi. Barua yako ameipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, akawasomea wenzake. Kwao babu ni babu na mume ni mume. Walichosoma ni kwamba niliozwa nikiwa kichanga kwa mzee mwenye fimbo, na sasa anataka ng'ombe.

Wamenifungia mlango wa kuingizia kazi hadi wajue niko salama. Nimewaeleza utani wetu, wanadhani umesimama nyuma yangu unanisemesha. Nikawaambia jamani, hapa nacheka. Wakauliza nani ameniamuru kucheka.

Kazi imekamilika, babu. Ninayo mkononi na mlango umefungwa. Zimebaki siku nane. Neno langu haliaminiki tena. Uliyenifunga ni wewe, nifungue.

Mjukuu wako, si mke wa mtu,
Editha

Mtinko, 19 Mei 2025

Editha, mjukuu wangu,

Amani iwe kwako. Hii ni barua ya tatu na hujajibu hata moja, basi nakusimulia yote, upende usipende.

Barua yako niliipata tarehe 25. Sikumaliza hata uji. Nilikwenda kwa Aneth pamoja na mama yako Magdalena, na cheti chako cha ubatizo. Akatupiga picha: mimi na kitambulisho kidevuni kama mwizi wa kuku, Magdalena ameshika ile picha ambayo nimekupakata wewe mchanga. Nikamwambia Gerald: mimi ni baba wa mama yake. Kwetu babu humwita mjukuu mke, ndiyo namna ya mzee kumpenda mtoto bila kuona haya. Fimbo ni ya goti.

Nikamwambia na jambo ambalo wewe sikukuambia. Utani ulikuwa nusu. Nusu ya pili iliniuma kweli. Yeye anasoma unachoandika na anakielewa. Mimi wa darasa la nne nilipewa ukurasa mzima nikaambulia jina lako tu.

Alikufungulia tarehe 29, kazi ikaingia 30. Unajua nani kaniambia? Gerald! Habari za mke wangu nazipata kwa mume mwenzangu. Sasa kila Jumatatu anamwandikia Aneth aniulize nimeamkaje. Anajitahidi kuandika "shikamoo". Wivu sasa ni zamu yako.

Wiki iliyopita Peniel amewasha kompyuta nne. Binti mmoja wa kidato cha pili ameandika, mashine ikamjibu, akapiga kelele kama ameumwa na nge. Nikasema hiyo ni kazi ya mjukuu wangu. Hakuna aliyeniamini. Nilistahili.

Hasira zako ni halali, kaa nazo. Ila Desemba uliahidi kunikata kucha za miguu, maana siwezi tena kuinama. Ulimaliza mguu wa kushoto, ukakimbilia basi. Wa kulia bado unakudai, na kiatu hakiingii. Njoo unimalizie.

Babu yako,
Antipasi